Pedi ya gemu za michezo kwenye kompyuta: anza na gemu unayocheza

Ingia duka lolote la vifaa vya kompyuta Kariakoo au Luthuli Avenue, omba pedi ya kuchezea mpira kwenye laptopu, na muuzaji atakujazia kaunta. Zote zina analogi mbili (vile vijiti vya kusukuma kwa kidole gumba), mishale, vitufe vinne upande wa kulia na vingine vinne mabegani. Kwa macho zinafanana mno, hivyo mnunuzi huishia kuchagua kwa rangi, kwa bei, au kwa jina lililochapishwa kwenye boksi. Akifika nyumbani anachomeka, taa inawaka, Windows inatoa mlio wake wa kutambua kifaa, na gemu haioni kitu. Au inaona, lakini mshambuliaji anakimbia mwenyewe kuelekea kibendera cha kona. Au kila kitu kinakubali isipokuwa shuti: amebaki na kipa tu, anabonyeza, na mpira unapigwa krosi.

Matatizo hayo matatu yana vyanzo vitatu tofauti. La kwanza linatokana na namna pedi inavyozungumza na kompyuta. La pili linatoka kwenye kifaa kidogo kilicho chini ya analogi. La tatu ni mpangilio wa vitufe. Bei haikuhakikishii hata moja kati ya hayo. Pedi ghali inaweza kukukwamisha kwenye la kwanza wakati ya bei ndogo iliyo pembeni yake inapita moja kwa moja. Kwa hiyo uchaguzi uanze na gemu yenyewe: ni ipi, ni ya mwaka gani, na vidole vyako vinafanya kazi gani humo. Ukishajua hayo, kwenye ile kaunta zitabaki mbili au tatu za kufikiria.

Lugha mbili za pedi

Windows ina njia mbili kuu za kupokea amri za pedi. Ya zamani ni DirectInput, iliyokuja na DirectX, mkusanyiko wa Microsoft wa programu za kuendeshea gemu, miaka ya 1990. Wakati ule kila kampuni ilitengeneza pedi, usukani na fimbo za kurushia ndege kwa mpangilio wake, kwa hiyo DirectInput haijui R2 (kitufe cha nyuma cha kulia; cha kushoto ni L2) ni nini wala analogi ya kulia iko wapi. Inachojua ni kwamba kifaa kina kitufe namba 1, namba 2, namba 3, na mihimili kadhaa inayosogea. Kwenye pedi nyingi za bei ndogo zenye umbo la PS2, namba 1 ni pembetatu. Kwenye pedi ya PS4, namba 1 ni mraba. Kazi ya kuieleza gemu kipi ni kipi anaachiwa mchezaji.

Mwaka 2005 Microsoft ilitoa Xbox 360, na pamoja nayo ikaja XInput. Njia hii iliondoa ubishi: kila pedi inayozungumza XInput hujitambulisha kwa mpangilio uleule wa Xbox 360, yaani A, B, X, Y, vitufe viwili vya begani, analogi mbili zinazobonyezeka, mishale, Start, Back, na vitufe viwili vya nyuma vinavyopima umeviminya kwa kiasi gani. Mtengenezaji wa gemu hana haja ya kumuuliza mchezaji chochote, kwani anajua A iko wapi kabla pedi haijachomekwa. Gharama yake ni kwamba XInput inapokea pedi nne tu kwa wakati mmoja na haina nafasi ya vitufe vya ziada. Kwa anayecheza na ndugu zake sebuleni, nne zinatosha.

Hapa ndipo mwaka wa gemu unapoanza kuwa na maana. PES 2013 na PES 2017, gemu za mpira wa miguu, bado zinachezwa sana kwenye laptopu za kawaida, kwa sababu hazidai kadi kubwa ya picha na mashabiki wamezitengenezea vikosi na jezi za misimu mipya. Gemu hizi zina programu ndogo ya Settings inayofunguliwa nje ya mchezo, ambamo unapanga vitufe kimoja kimoja. Ndani yake pedi ya DirectInput ya bei ya chini kabisa inaweza kufanya kazi vizuri tu, mradi ukae dakika chache uipange. FC za karibuni (mfululizo uliokuwa ukiitwa FIFA) na NBA 2K ya kikapu ni habari nyingine. Hizo zinatarajia XInput, au pedi za PS4 na PS5 ambazo zimezizoea, na pedi isiyojulikana inaweza kupuuzwa kabisa au ikasomwa ovyo: analogi ya kulia ikageuka kitufe, R2 ikawa kuangalia juu.

Kuna kasoro nyingine ndogo ambayo watu wengi huiona bila kujua inatoka wapi. Pedi ya Xbox ikisomwa kwa DirectInput, vile vitufe viwili vya nyuma huwekwa kwenye mhimili mmoja. Ukiminya cha kulia mhimili unakwenda huku, cha kushoto unakwenda kule, na ukiminya vyote viwili vinafutana kana kwamba hujagusa kitu. Sasa fikiria ulinzi wa FC: L2 ni kumkabili mshambuliaji bila kumrukia, na ukitaka kumkabili huku ukienda naye kasi unaminya L2 pamoja na R2. Mlinzi wako ataganda. Kwenye gemu za magari ni hivyohivyo. Mafuta na breki pamoja vinakuwa sifuri.

Ukiwa na pedi ya DirectInput na gemu inayotaka XInput, hujapoteza pesa yako moja kwa moja. Zipo programu za bure zinazokaa katikati na kutafsiri. x360ce huifanya pedi ya kawaida ionekane na gemu kama ya Xbox 360. DS4Windows hufanya kazi hiyo kwa pedi za PS4 na PS5. Steam, duka la gemu la mtandaoni, nayo ina mfumo wake wa ndani: tangu mwishoni mwa 2016 inaikubali pedi ya PS4, na ile ya PS5 ikaongezwa mwaka 2020 konsoli ilipotoka. Hata gemu usiyoinunua Steam unaweza kuiongeza kwenye orodha yake ili ipate huduma hiyo.

Tahadhari moja: usiwashe wafasiri wawili kwa mpigo. DS4Windows hutengeneza pedi ya kubuni ya Xbox 360, lakini pedi halisi bado ipo. Gemu ikiziona zote mbili, kila unapobonyeza mara moja inapokea amri mbili. Kwenye menyu unaruka mistari miwili miwili, na uwanjani pasi moja inafuatwa na nyingine ambayo hukuiomba. Steam ikiwa nayo imewashwa nyuma, vurugu inaongezeka. Chagua mfasiri mmoja, mwingine uuzime. Kwa wanaotumia DS4Windows ipo programu iitwayo HidHide inayoificha pedi halisi ili gemu ibaki na ile ya kubuni tu.

Kwa anayenunua leo, maoni yangu ni kwamba XInput iwe sharti la kwanza. Si kwa sababu DirectInput ni mbovu, bali kwa sababu pedi utakaa nayo miaka na gemu utabadilisha. Kama bado unacheza gemu za zamani, tafuta yenye uwezo wa kuhama. Logitech F310, ambayo ni ya waya na haina mtetemo, ina swichi ndogo yenye herufi X na D: X ni XInput, D ni DirectInput. Ni pedi isiyo na madoido, na swichi hiyo moja inaifanya ikae vizuri na PES ya zamani na FC mpya kwenye kompyuta ileile.

Kilichomo chini ya analogi

Kwenye gemu za mpira analogi ya kushoto haipumziki. Tangu FIFA 10 ya mwaka 2009 ilipoleta chenga za nyuzi 360, mishale yenye njia nane imebaki kuwa ya kubadilishia mbinu tu, ingawa wapo wakongwe wa PES ambao hadi leo huendesha mchezaji kwa mishale na wanafunga. Kwa wengine wote, kidole gumba cha kushoto kinasukuma analogi hadi ukingoni, kinaigeuza, kinairudisha, mechi nzima. Ndiyo maana wachezaji wa mpira wanaua analogi ya kushoto kwanza.

Analogi ya kawaida inapima mwelekeo kwa potenshiometa: ndani kuna utepe mwembamba wa kaboni na kipande cha chuma kinachoteleza juu yake. Mahali chuma kilipo ndipo kompyuta inapojua umeegemea wapi. Chuma kinasugua kaboni kila unaposogea. Kaboni inaisha kidogo kidogo, vumbi lake linabaki humohumo, na springi nayo inalegea. Mwisho wake pedi inadhani unasukuma wakati umeachia. Huo ndio ugonjwa ambao wachezaji wanauita drifti. Mafundi wa iFixit waliichambua pedi ya DualSense ya PS5 mwaka 2021 na kuonyesha kwamba sehemu hiyo imekadiriwa uhai wa mizunguko 2,000,000. Ni idadi kubwa kusikia, lakini kidole cha mchezaji wa kila siku kinaifikia. Kwa hiyo drifti si dalili ya pedi feki pekee. Pedi halisi za kampuni kubwa zinaipata, kwa sababu nyingi zinatumia teknolojia ileile ya kusugua.

Njia ya kuepuka msuguano ni sumaku. Mwaka 1879 mwanafizikia Mmarekani Edwin Hall aligundua kwamba sumaku ikikaribia waya unaopitisha umeme, inazua tofauti ndogo ya volti inayoweza kupimwa. Analogi za aina hiyo zina sumaku kwenye shina na kipimio pembeni. Havigusani, kwa hiyo hakuna cha kuchubuka. Si jambo geni: Sega iliitumia kwenye pedi ya Dreamcast mwaka 1998. Kilichobadilika ni kwamba sasa kampuni kama GuliKit na 8BitDo zimeiweka kwenye pedi ambazo bei yake mara nyingi iko chini ya pedi mpya ya Xbox au PS5. Boksi huandikwa "Hall effect". Siku hizi utaona pia TMR, nayo ni ya sumaku, yenye kupima kwa usahihi zaidi na kula umeme kidogo.

Kwa mchezaji wa mpira anayecheza karibu kila siku, hili ndilo jambo la kulipia. Nasema hivyo hata kabla ya kuzungumzia mtetemo, taa za rangi au vitufe vya mgongoni. Lakini usiamini kwamba neno Hall linamaliza kila kitu. Springi ya analogi ya sumaku inachoka kama nyingine, na pedi iliyotengenezwa kwa haraka inaweza kuwa na Hall na bado ikasoma vibaya karibu na katikati.

Ukiwa tayari una pedi yenye drifti, usikimbilie kuitupa. Karibu kila gemu ya sasa, na Steam pia, ina mpangilio wa eneo mfu, yaani kiasi ambacho analogi inaweza kusogea katikati bila kuhesabiwa. Ongeza kidogo kidogo hadi mchezaji atulie. Ukizidisha utaona hasara yake: migeuko midogo ya chenga inapotea, mchezaji anasubiri usukume sana ndipo aanze kutembea. Zaidi ya hapo ni kazi ya fundi. Moduli ya analogi inaweza kubadilishwa, na mafundi wa simu wenye mkono mzuri wa kuchomea wanaiweza. Moduli za Hall nazo zinauzwa peke yake. DualSense Edge ya mwaka 2023 ni miongoni mwa pedi chache ambazo mwenyewe unachomoa moduli nzima na kuweka nyingine bila kuchomea.

Shuti limekuwa krosi

Vitufe vinne vya kulia vimekaa mahali pamoja kwenye kila pedi, lakini majina yake yanagongana vibaya. Kwenye PlayStation, chini ni msalaba, kulia duara, kushoto mraba, juu pembetatu. Kwenye Xbox, chini ni A, kulia B, kushoto X, juu Y. Nintendo wao wameweka B chini, A kulia, Y kushoto, X juu. Maana yake herufi X iko kushoto kwa Xbox, iko juu kwa Nintendo, na ule msalaba wa PlayStation ambao kila mtu anauita X uko chini. Gemu nyingi za kompyuta huonyesha alama za Xbox. Mtu aliyekulia kwenye PS2 anaona "X" kwenye skrini na kidole kinakwenda chini. Kwenye PES, X ya Xbox ni shuti. Kitufe cha chini ni pasi. Anampasia beki wa timu pinzani akiwa ndani ya boksi.

Juu ya hapo, PES na FIFA hazikubaliani. Kwenye PES shuti ni mraba na krosi ni duara. Kwenye FIFA, na sasa FC, ni kinyume: shuti duara, krosi mraba. Kukimbia kwenye PES za zamani ni R1, kwenye FC ni R2. Gemu zote mbili zina mpangilio mbadala kwenye menyu unaofuata mazoea ya upande wa pili, kwa hiyo anayehama asijilazimishe kujifunza upya vidole vyake. Abadilishe mpangilio kabla ya mechi ya kwanza.

Hilo la R1 na R2 linagusa uchaguzi wa pedi kuliko linavyoonekana. R1 ni kitufe cha begani cha kubofya, kina mwendo mfupi. R2 ina mwendo mrefu na springi. Kwenye FC kidole chako cha shahada kitaishikilia R2 kila unapotaka kasi, na R2 ngumu itakuchosha mkono mapema. Ijaribu dukani kwa kuishikilia, usiibonyeze mara moja ukaachia.

Mpira, kikapu, magari

Kwenye mpira R2 kwa sehemu kubwa ni ya kukimbia au kutokimbia. Nguvu ya shuti inatokana na muda ulioshikilia kitufe. Kwa hiyo pedi ambayo R2 yake ni swichi tu, isiyopima kiasi cha kuminya, inamtosha mchezaji wa mpira. Kwenye gemu za magari pedi hiyo haifai kabisa: utakuwa na mafuta yote au hakuna, na kwenye kona yenye utelezi gari litazunguka. Pedi nyingi za bei ndogo ziko hivyo, na hata Pro Controller ya Nintendo Switch, ambayo ni nzuri sana mkononi, vitufe vyake vya nyuma ni swichi. Kama mpira ni wa jioni na magari ni ya wikiendi, hakikisha R2 inapima.

NBA 2K inahamisha mzigo kwenda kulia. Analogi ya kulia inatumika kwa chenga za mpira na inaweza kutumika kurushia pia, na kurusha kunahukumiwa kwa muda: unaachia mapema au umechelewa. Analogi ya kulia iliyolegea, ambayo mchezaji wa mpira angeivumilia mwaka mzima, inaharibu mkono wa mrushaji siku hiyohiyo. Anayependa kikapu na akakuta pedi iliyotumika kwa bei nzuri, aikague analogi ya kulia kwanza.

Kuhusu umbo, ubishi wa analogi zilizo sambamba za PlayStation dhidi ya ile ya kushoto iliyoinuliwa ya Xbox ni wa mazoea na ukubwa wa mkono. Shika zote mbili. Sina upande.

Waya, hewa, na ucheleweshaji

Gemu inayokwenda picha 60 kwa sekunde inabadilisha picha kila milisekunde 16.7. Pedi inayosomwa mara 125 kwa sekunde inasubiri hadi milisekunde 8. Inayosomwa mara 1000 inasubiri 1. Tofauti ni chini ya nusu ya picha moja, kwa hiyo boksi linalojivunia 1000 lisikufanye uongeze pesa nyingi. Ucheleweshaji unaousikia kweli mara nyingi unatoka kwingine. Ukiunganisha laptopu na TV kwa HDMI, TV inaweza kuongeza ucheleweshaji mkubwa kuliko pedi yoyote kwa sababu inapamba picha kabla ya kuionyesha. Tafuta "Game Mode" kwenye menyu ya TV na uiwashe kabla ya kuilaumu pedi.

Waya ndiyo njia isiyo na maswali: hakuna betri, hakuna kukatika, na umeme ukikatika laptopu inaendelea kuilisha pedi. Lakini waya wenyewe uwe wa kubeba data. Waya nyingi za USB zinazouzwa barabarani zina nyuzi za umeme tu. Pedi itachaji vizuri na kompyuta haitaiona kamwe. Watu wamerudisha pedi nzima dukani kwa kosa la waya.

Pedi za bila waya ziko za aina mbili, Bluetooth na zile zenye kipokezi chake cha USB cha mawimbi ya 2.4 GHz. Cha USB kwa kawaida hutulia zaidi na hakikuombi uoanishe kila mara, ila ukikipoteza umebaki na pedi ya waya, au huna pedi kabisa. Bluetooth nayo inatumia mawimbi ya eneo hilohilo la 2.4 GHz, pamoja na Wi-Fi ya nyumba. Milango ya USB 3.0 yenye diski ya nje inayofanya kazi inatoa kelele kwenye eneo hilo. Intel waliliandikia waraka mwaka 2012. Pedi ikikatakata, hamishia kipokezi mlango wa mbali na diski, au ukitoe mbele kwa waya mfupi wa kurefushia.

Betri: ya PS4 ni 1000 mAh, ya PS5 ni 1560 mAh, na mchezaji anaiona tofauti. Pedi za Xbox zinatumia betri mbili za AA. Wengi wanalalamikia hilo, mimi naliona ni jema: betri za kuchaji zikichoka unanunua nyingine mbili, bila kufungua pedi. Na ukichomeka waya, pedi za Xbox One na za Series zinafanya kazi hata bila betri ndani.

Mitego ya dukani

Pedi ya Xbox 360 ya bila waya ni mtego wa zamani unaoendelea kunasa watu. Ule waya wake wa kuchaji hauna data. Bila kipokezi chake maalumu haitafanya kazi kwenye kompyuta hata uifanyeje. Ile ya 360 ya waya haina shida. Pedi za kwanza za Xbox One, za mwaka 2013, hazina Bluetooth. Ilikuja na Xbox One S mwaka 2016. Zitambue kwa plastiki inayozunguka kitufe chenye nembo ya Xbox: kama ni kipande kimoja na uso wa pedi, ina Bluetooth; kama ni kipande cha juu kinachong'aa kilichotenganishwa, haina.

Pedi za PS3 zimejaa mitaani na nyingi ni za kuiga. Hata ile halisi Windows haiielewi bila draiva ya ziada kama DsHidMini, na za kuiga zinaweza kukataa hata na draiva. Kwa anayetaka kuchomeka na kucheza, nashauri aiache.

Zile za bei ya chini kabisa zenye kitufe kilichoandikwa ANALOG au MODE katikati zina tabia yake: taa ikizimwa, analogi ya kushoto inajifanya mishale na ya kulia inaweza kuwa vitufe vinne. Mchezaji anatembea kwa njia nane tu na mwenye pedi anadhani imeharibika. Bonyeza kitufe hicho, taa iwake, ndipo uanze kupanga vitufe kwenye Settings ya PES.

Kabla hujalipa, omba uichomeke. Ukienda na laptopu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl. Jina litakalotokea linakueleza mengi: "Controller (XBOX 360 For Windows)" maana yake inazungumza XInput, hata kama boksi lina jina usilolijua, "Generic USB Joystick" au "USB Gamepad" ni DirectInput. Fungua Properties. Zungusha kila analogi polepole hadi ukingoni, kisha iachie kwa ghafla mara kadhaa. Alama irudi katikati kila mara na itulie. Isukume kidogo sana uone kama inaanza kusogea mara moja au inaruka. Minya R2 taratibu: upau ukisogea hatua kwa hatua, inapima, ukiruka mara moja hadi mwisho, ni swichi. Huna laptopu, simu ya Android yenye waya wa OTG (wa kuunganisha vifaa vya USB kwenye simu) inatosha. Zipo kurasa za kujaribia pedi zinazofunguka kwenye Chrome na kuonyesha kila kitufe na namba ya kila mhimili.

Ningekuwa nanunua kwa ajili ya PES ya zamani peke yake na bajeti ni ndogo, ningechukua ya waya ya DirectInput iliyofaulu jaribio hilo la analogi na kuweka pesa iliyobaki. Kwa FC au NBA 2K, ningetafuta ya XInput yenye analogi za Hall, ya waya au ya kipokezi cha USB, kabla ya kufikiria pedi iliyotumika ya PS5. Na kama nyumbani mnacheza wawili, nunueni mbili zinazofanana: kila mmoja atakuwa na R2 yenye uzito uleule na eneo mfu lilelile, na atakayefungwa hatakuwa na pedi ya kuilaumu.